Twiga Kwenye Skrini

Fungua Microsoft Flight Simulator, simuleta ya kurushia ndege kwenye kompyuta, chagua kiwanja cha HTDA, yaani Julius Nyerere, na utakuta mambo mengi yako mahali pake. Njia ya kurukia ya 05/23 ipo. Barabara ya Nyerere inapita pembeni. Ukipaa kuelekea mjini unaiona bandari, unaiona Kigamboni, kisha bahari. Ila ndege zilizoegeshwa pale si zetu. Waliotengeneza programu walikwepa mambo ya haki za nembo, kwa hiyo wakazipaka rangi za mashirika yasiyokuwepo popote duniani. Umbo ni la Airbus au la Boeing, lakini mkiani kuna mchoro usio wa mtu yeyote. Ni Dar es Salaam isiyo na twiga, nembo ya Air Tanzania.

Pengo hilo linazibwa na watu mmoja mmoja, kila mtu na kompyuta yake, wanaokesha wakichora sare za ndege, yaani rangi na nembo za mashirika, kwenye programu za kuhariri picha, kisha wanazigawa bure. Mbrazili anapaka za kwao, Mjerumani za kwao. Za Tanzania nilizozikuta ni chache, na nyingi zimepakwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kusimama Banana, karibu na uwanja, jioni wakaiona ndege ya Q400 ikipita juu imeshusha magurudumu. Nawashukuru kwa dhati, maana walianza kabla yetu. Lakini jicho la mwenyeji linaona kisichokaa sawa: twiga mnene kupita kiasi, buluu ya shirika lingine, maandishi ya miaka hii juu ya namba ya usajili ya ndege iliyoondoka zamani.

Kwangu mimi huu si mchezo wa kupitisha muda. Ndege zikiuzwa au zikikatwakatwa chuma chakavu, rangi zake zinaondoka nazo. Zinabaki picha chache za magazetini na zile za albamu za watu. Anayekaa akaichora sare ile kwa usahihi, mstari kwa mstari, anaihifadhi kwa namna ambayo mtu anaweza kuizunguka, kuiingia na kuirusha. Kwa hiyo naamini inastahili kufanywa kwa umakini uleule ambao mtu angeufanya kwenye kumbukumbu nyingine yoyote ya nchi.

Mchana natengeneza kadi za michango ya harusi, mabango ya saluni na vipeperushi vya mikutano ya injili. Usiku napaka ndege. Ujuzi ni uleule wa fonti, rangi na mpangilio, isipokuwa kadi ni bapa na ndege ni ya mviringo, na ugumu wote wa kazi hii umejificha kwenye tofauti hiyo.

Umbo la ndege ndani ya simuleta limefunikwa na picha bapa ziitwazo teksicha. Aliyeunda umbo ameichana ndege vipande vipande na kuvipanga juu ya mraba mmoja: ubavu wa kushoto juu, wa kulia chini yake, mabawa pembeni, mkia kwenye kona, vifuniko vya magurudumu vimebanwa popote palipobaki nafasi. Ni kama kitenge alichokikata fundi cherehani kabla hajakishona, mkono huku, kola kule. Fundi mzuri anahakikisha ua la kitenge linakutana kwenye mshono. Nawe mstari unaopanda kutoka ubavuni lazima ukutane na mwenzake mkiani, ingawa kwenye mraba wako mkia uko mbali, umelazwa upande mwingine kabisa, na pengine umechorwa kwa kipimo kingine.

Njia ninayoitegemea ni ya miraba. Kabla sijagusa rangi yoyote, natengeneza teksicha iliyojaa miraba midogo ya rangi mbilimbili, kila mmoja na herufi na namba yake, naivalisha ndege kisha naizunguka taratibu ndani ya simuleta. Nikiona K14 imekaa nyuma ya mlango wa nyuma na inagusana na C3 ya mkiani, najua mstari wangu unatokea wapi na unaingilia wapi. Katikati ya bodi miraba inabaki miraba. Kwenye pua na kule nyuma bodi inaposinyaa, miraba inavutika, mingine inakuwa kama vipande vya maandazi. Hapo mstari ulionyooka kwenye karatasi utaonekana umelegea kwenye ndege, na itakubidi uuchore umepinda ili ukivishwa uonekane umenyooka. Ukiwa na subira ya kuisoma miraba ile, nusu ya matatizo yamekwisha kabla hujaanza.

Watu huniuliza kwanza habari za programu. Photoshop ndiyo iliyozoeleka, na faili za wapaka rangi zinazotolewa na waundaji wa ndege mara nyingi huwa za PSD. Lakini Photoshop inalipiwa kila mwezi. GIMP ni ya bure, inafungua PSD, inahifadhi pia faili za DDS ambazo simuleta nyingi zinazitaka. Krita nayo ni ya bure. Nembo na maandishi nayachora Inkscape, bure vilevile, kwa sababu mchoro wa vekta unaukuza na kuupunguza bila kuharibika. Mtu asikuambie kwamba bila programu ya kulipia huwezi. Kinachohitajika zaidi ni kumbukumbu ya kompyuta. Leya moja, yaani tabaka moja la picha, yenye upana wa pikseli 4096 kwa 4096 inakula MB 64, na faili la mpaka rangi lenye leya 40 linaweza kumeza zaidi ya GB 2.5 kabla hujafungua kitu kingine. Laptopu ya mtumba ya Kariakoo yenye RAM ya GB 8 itafanya kazi, ila funga vivinjari vyote kwanza. Na hifadhi kazi yako mara kwa mara, umeme wa kwetu unajulikana.

Leya zina utaratibu wake. Chini kabisa ni rangi ya msingi. Juu yake inakaa michirizi, nembo na maandishi. Juu ya hayo yote inakaa mistari ya maungio ya mabati, ribiti (pini zinazoshikilia mabati), vivuli na uchafu, navyo vinawekwa katika hali ya kuzidisha, ile inayopitisha weupe na kubakiza giza tu, ili ribiti zionekane hata pale zinapopitiwa na nembo. Ukiweka nembo juu ya ribiti, ndege inaonekana imebandikwa stika. Jicho la mtu asiyejua chochote litahisi kuna kitu si cha kweli, hata kama hawezi kukitaja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalipenda kuliko yote, namba za usajili. Ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Kiambatisho cha 7 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka herufi za usajili kwenye bodi au mkiani ziwe na kimo kisichopungua sentimita 30, na zile za chini ya bawa zisipungue sentimita 50. Chukua Airbus A220-300, yenye urefu wa mita 38.7. Ubavu wake ukitandazwa kwenye upana wa pikseli 4096, kila mita inapata pikseli kama 106. Herufi ya sentimita 30 inapata pikseli 32 tu za kimo. Chukua Boeing 787-8, yenye mita 56.7, na herufi ileile inashuka hadi pikseli 22. Hapo ndani lazima ukae mguu wa R, tumbo la B na kistari baada ya 5H. Ndiyo maana waundaji makini huigawa bodi ya ndege kubwa kwenye teksicha mbili au tatu, na ndiyo maana mpaka rangi makini hatumii fonti yoyote inayofanana fanana tu. Anaipanua picha, anaangalia H ina mkanda wa katikati uliopanda au ulioshuka, kisha anachora herufi mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Ndege za Air Tanzania zilizoingia zama za Rais Magufuli zilibeba majina na maneno "Hapa Kazi Tu", kauli mbiu yake. Maandishi madogo ya namna hiyo ndiyo wapakaji wa mbali huyaruka, maana hawaoni uzito wake. Kwetu ni alama ya zama. Mtu atakayeiona ndege ile miaka thelathini ijayo atajua mara moja ilikuja lini.

Bendera nayo ina kanuni yake, na inawakwaza wengi. Bendera yetu ina pembetatu ya kijani juu upande wa mlingoti, ya buluu chini upande wa pili, na katikati mkanda mweusi wenye kingo za njano unaopanda kutoka chini mlingotini. Kwenye ndege utaratibu uliozoeleka ni kwamba mlingoti huwa upande wa pua, kana kwamba bendera inapeperushwa na upepo wa safari. Ubavu wa kushoto hakuna tatizo, unaiweka kama ilivyo kwenye vitabu vya shule. Ubavu wa kulia pua iko kulia kwako, kwa hiyo kijani kinahamia kulia juu, na mkanda unapanda kuelekea kushoto. Ukinakili bendera ya kushoto na kuibandika kulia bila kuigeuza, ndege yako inaruka na bendera inayopepea kinyume cha upepo. Geuza bendera, lakini usigeuze maandishi. Na kuna ndege za simuleta, hasa za zamani, ambazo mbavu zote mbili zinatumia kipande kimoja cha teksicha. Hizo maandishi yatasomeka vizuri kushoto na kinyumenyume kulia, na hakuna rangi itakayolitibu hilo. Chagua umbo jingine.

Rangi zenyewe ni somo refu. Kishawishi ni kuchukua picha ya ndege, kuweka kile kidude cha kunyonya rangi juu ya mkia, na kuamini kilichotoka. Picha haisemi ukweli kuhusu rangi. Ndege nyeupe iliyopigwa picha Dar saa kumi na mbili jioni ni ya njano kidogo, ileile saa sita mchana ina ubuluu wa anga kwenye tumbo na mng'ao wa lami pembeni. Mimi huanza na kitu ninachokijua kuwa ni cheupe kwenye picha hiyohiyo, naona kimehama kwa kiasi gani, kisha nairudisha rangi ya mkia kwa kiasi hicho hicho. Nafanya hivyo kwa picha kadhaa za hali tofauti za hewa, na natafuta pale zinapokubaliana. Halafu kuna jua la simuleta lenyewe. Simuleta za sasa zinamulika ndege zenyewe, kwa hiyo ukichora rangi ambayo tayari ina mwanga ndani yake, jua litawaka mara mbili. Nyeupe ya ndege usiiweke 255, kiwango cha juu kabisa cha mwanga. Iache kwenye 235 au 240, ili mwanga uwe na mahali pa kupanda. Nyeusi nayo isifike sifuri, ikae kwenye 30 hivi, maana hakuna rangi ya kopo iliyo nyeusi kama shimo.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu ufundi wa ndege. Jioni moja nilimpelekea laptopu barazani nikitaka anithibitishie twiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu leta huyo mdege wako nimuone."

Twiga hakumtazama hata kidogo. Alivuta miwani, akaniambia niizungushe ndege, niiinue, nimuonyeshe chini. "Mbona tumbo safi hivi? Hii imeruka lini?" Kisha akaanza kunionyesha kwa kidole, taratibu, kama anayemkagulia mwanagenzi kazi. Midomo ya injini na ukingo wa mbele wa mabawa kwenye ndege nyingi za bati haipakwi rangi, inaachwa chuma kitupu, kwa sababu ndiyo inayopigwa na mvua na vumbi kwa kasi, na ndiyo inayopashwa joto isigande barafu. Yale matundu madogo ubavuni yanayopima shinikizo la hewa yasiguswe na rangi kabisa, maana yakizibwa mita za mwinuko na za kasi zinadanganya, na rubani anakwenda na uongo huo. Pua ina rada ndani yake, kwa hiyo rangi yenye chembechembe za chuma haitakiwi pale. Usukani wa mkia ukipakwa upya lazima upimwe mizani kabla ndege haijaruka. "Rangi ina uzito, mwanangu. Na uzito ukikaa mahali pasipo pake, usukani unatetemeka."

Yote hayo niliyapeleka kwenye faili. Kwenye Microsoft Flight Simulator kuna teksicha ya pili, inayotembea sambamba na ile ya rangi, ambayo macho hayaioni moja kwa moja lakini jua linaisoma. Chaneli yake nyekundu inabeba vivuli vya pembeni na mifereji, ya kijani inabeba ukwaru, ya buluu inabeba uchuma. Nilipoipandisha buluu kwenye midomo ya injini peke yake na kuushusha ukwaru kidogo, chuma kikaamka. Nilipouongeza ukwaru tumboni, pakafifia namna pafifiavyo kwenye ndege iliyochoka kuoshwa. Wapakaji wengi wanaishia kwenye rangi na kuiacha teksicha hii kama ilivyokuja, na matokeo yake ndege nzima inang'aa kama sahani ya plastiki. X-Plane, simuleta nyingine, nayo ina utaratibu wake wa chuma na mng'ao, umepangwa tofauti, ila wazo ni lilelile.

Uchafu ndipo mtu anapoonyesha kama anaijua ndege au anaikisia. Mfano mzuri ni Cessna Caravan, ile ya injini moja inayobeba watalii kutoka Dar kwenda Zanzibar, Mafia na mbugani. Bomba la moshi la Caravan linatokea chini upande wa kulia wa pua. Kwa hiyo masizi yanalamba ubavu wa kulia na tumbo, kushoto panabaki safi. Mtu akikuonyesha Caravan yenye masizi pande zote mbili, ameweka tope bila kutazama ndege. Ongeza vumbi jekundu la viwanja vya mbugani nyuma ya magurudumu, likipanda kwa mshazari kufuata upepo wa rafadha, likikolea kwenye maungio ya mabati na kupotea kabla ya madirisha. Lichore kwa brashi pana yenye uwazi mkubwa, pitia mara nyingi, na usilipake palepale kwa usawa. Caravan ipo ndani ya Microsoft Flight Simulator tangu toleo la 2020, hununui kitu cha ziada, na kwa anayeanza naipendekeza kuliko ndege yoyote kubwa. Teksicha zake zinaeleweka, na safari ya Zanzibar ni fupi, unapaka, unaruka, unaona kilichokosewa, unarudi kurekebisha usiku huohuo.

Mambo ya mafaili nitayapitia haraka. X-Plane ndiyo rahisi kuliko zote: ndani ya folda ya ndege kuna folda ya sare, unaongeza folda yenye jina lako, unaweka PNG zenye majina yaleyale ya asili, basi. FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa, nayo inatumia PNG na faili dogo la maelezo. FSX, simuleta ya Microsoft ya mwaka 2006, bado inaruka kwenye kompyuta dhaifu, na teksicha zake za DDS lazima zigeuzwe juu chini kabla ya kuhifadhiwa. Ile ya Microsoft ya 2020 inahitaji DDS, faili la maelezo la aircraft.cfg, na orodha ya layout.json inayotaja kila faili na ukubwa wake. Usipoisasisha orodha hiyo, ndege yako haitokei, na utakesha ukitafuta kosa kwenye rangi wakati kosa haliko huko. DDS inabana picha kwa vijiraba vya pikseli nne kwa nne. Ile MB 64 inashuka hadi 16, au 8 ukibana zaidi, lakini ubanaji mkali unachafua kingo za rangi kali. Herufi nyekundu juu ya nyeupe ndizo zinazoumia kwanza. Kwa hiyo mimi huchora kwa ukubwa maradufu, nikapunguza mwishoni.

Nilisema kuhifadhi, na hapa ndipo mwaka unapokuwa muhimu kuliko uzuri wa kazi. Air Tanzania si sare moja. Shirika lilizaliwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Mwaka 2002 South African Airways iliingia kwa asilimia 49, ndoa ile ikaisha mwaka 2006. Mwaka 2016 zikaja Q400 mbili na ukurasa mwingine ukafunguliwa, mwaka 2018 zikafuata 787-8 na A220-300. Anayeandika "Air Tanzania" tu kwenye jina la faili hajaeleza kitu. Andika aina, usajili, na mwaka ambao ndege ilionekana hivyo. Fastjet ilianza kuruka Dar mwishoni mwa 2012 na A319 zenye kasuku wa kijivu mkiani, na miaka michache baadaye kasuku yule hakuonekana tena kwenye anga letu. Vijana waliozaliwa mwaka ule leo wanamaliza shule ya msingi au wako sekondari, na kasuku hawamjui.

East African Airways ndiyo inayonigusa zaidi, ingawa iliondoka kabla yangu. Shirika la nchi tatu, lililoanzishwa mwaka 1946, lenye simba kama nembo, na ndege zake ziligawana usajili wa nchi zote tatu, 5H, 5X na 5Y. Moja ya Super VC10 zake, ndege za abiria za Kiingereza, ilisajiliwa kwetu, 5H-MOG, na ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, mwaka 1970, kati ya 54. Shirika lilipokufa ndege hiyo ilirudi Uingereza, ikageuzwa kuwa tangi la kujazia ndege nyingine mafuta angani, jeshi la anga likaipa namba ZA150. Iliruka hadi Septemba 2013, ikatua kiwanja cha Dunsfold, Uingereza, ikahifadhiwa pale chini ya makumbusho ya Brooklands. Ina rangi ya kijivu ya kijeshi. Chini ya kijivu hicho kuna ndege iliyokuwa na herufi za Tanzania ubavuni, na mahali pekee ambapo mtu anaweza kuizunguka ikiwa na simba wake ni ndani ya simuleta, akitokea wa kuipaka. Ndiyo kazi niliyo nayo mezani sasa hivi.

Kuhusu sare za kubuni, sina ugomvi nazo. Kijana akitaka kuona 747 yenye rangi za timu yake ya Kariakoo, apake, na afurahie. Aandike tu wazi kwamba ni ya kubuni, ili mwenzake wa mbali asije akaiweka kwenye orodha ya ndege zilizowahi kuwepo. Nembo za mashirika si mali yetu, kwa hiyo usiuze. Soma masharti ya aliyeunda ndege kabla hujagawa teksicha zake, wengine wanaruhusu, wengine hawaruhusu. Na ukianzia kazi ya mtu, mtaje.

Limebaki jambo moja linalozuia kazi nyingi kuliko programu au kompyuta. Abiria hupanda ndege kwa mlango wa kushoto. Viongozi wanashuka kushoto, waandishi wanajipanga kushoto, familia inapiga picha chini ya ngazi, kushoto. Picha za ubavu wa kulia wa ndege za zamani ni adimu, na huwezi kuugeuza wa kushoto ukasema ndio huo. Boeing 737-200 mbili za kwanza za shirika letu, 5H-ATC na 5H-MRK, zilizokuja miaka ya mwisho ya 1970, zilikuwa za aina inayobadilishwa kati ya abiria na mizigo, zenye mlango mkubwa wa mizigo mbele kushoto. Kulia mlango huo haupo, kwa hiyo mpangilio mzima wa maungio pale mbele ni mwingine, na maandishi lazima yalikaa kwa namna yake.

Kwa hiyo kama baba, mama, mjomba au shangazi alifanya kazi uwanjani miaka ile, kwenye karakana, mizigo au huduma za abiria, muombe albamu. Rubani na mhudumu wa ndani wana picha za sherehe, ila watu wa mizigo na wa mafuta ndio waliosimama kulia, kwa sababu 737 hujazwa mafuta kwenye bawa la kulia na milango ya mizigo ya tumboni iko kulia. Ukipata, ipige picha kivulini mchana bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, na geuza nyuma uone kama kuna tarehe. Mtu akiwa amesimama mbele ya maandishi haidhuru. Herufi mbili zikionekana, na kipande cha mstari chini ya madirisha, zinatosha kuanzia.